Hesabu yangu ilimkata Maman Fabiola

Mpendwa Maman Marie-Louise,

Nasoma ukurasa wako kila Alhamisi, mama akishaumaliza, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mimi ndiye nitakayekaa na kalamu kukuandikia, lakini nina jambo ambalo nimelibeba siku kumi na moja na sina wa kumwambia, kwa hiyo nakuomba unisikilize hata kama nitarefusha, kwa sababu najua mmeandika juu ya ukurasa kwamba barua zisizidi maneno mia tatu, na mimi, kama utakavyoona, ndiye mtu ambaye hakupaswa kukosea hesabu ya maneno.

Nina miaka kumi na sita, naishi mtaa wa Nguba na wazazi wangu. Kila Jumatano baada ya masomo mwalimu wetu wa hisabati, Mademoiselle Chancelle, anatufundisha kuandika programu, wasichana kumi na wanne kwa kompyuta sita. Mwezi wa pili alitufundisha fonction, yaani kipande cha programu ambacho unakipa jina, kisha unakipa kitu, nacho kinakurudishia jibu, na kazi aliyotupa ilikuwa kuandika fonction inayopokea maandishi na kurudisha idadi ya maneno yaliyomo. Yangu ilikuwa na mistari mitatu tu. Inachukua maandishi, inayakata kila inapokuta nafasi tupu, halafu inahesabu vipande vilivyopatikana. Nikaipa "Mungu ni mwema" ikajibu tatu. Nikaipa Baba Yetu nzima, niliyoiandika mwenyewe, nikahesabu kwa kidole na jibu likalingana, na siku hiyo nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Sasa nikueleze Papa Télesphore. Ni katibu wa parokia yetu tangu mama yangu akiwa msichana, na ndiye anayepiga chapa komunike, yaani matangazo ya vifo, ambazo redio ya parokia inazisoma saa sita mchana, kabla ya habari. Kila familia ina maneno themanini, si zaidi, kwa sababu dakika ni chache na siku nyingine vilio, yaani misiba, ni vingi. Yeye alikuwa anayahesabu kwa upande butu wa kalamu ya risasi, anagusa neno moja moja na kuhesabu kwa sauti kwa Kifaransa, quarante-sept, quarante-huit, na mtu akiingia ofisini kusalimia, hesabu inapotea, anacheka, anaanza upya. Nilikuwa napita pale baada ya mazoezi ya kwaya kumsaidia kupanga karatasi, naye ananigawia karanga zake, na siku moja nikamwambia Papa, mimi nina kitu kinachohesabu kwa kufumba na kufumbua. Nikakiweka kwenye kompyuta yake. Aliitazama namba ikitokea akavua miwani, akasema, "Mutoto, miaka hii yote nilikuwa nachosha kidole bure."

Aliipenda sana, Maman. Alikuwa anaita familia ziingie kuiona, na kila aliyeingia aliambiwa jina langu.

Kitu kimoja nilikiona tangu siku ya kwanza na sikukifikiria. Papa Télesphore alijifunza kupiga chapa kwa masista, kwenye mashine za zamani za chuma, na huko walimfundisha kuacha nafasi kabla ya nukta mbili na kabla ya alama ya kuuliza, kama Wafaransa wanavyofanya, naye kwa kupenda usafi akaongeza na koma, akaongeza na nukta, hata kila alama kwake inasimama peke yake, ina nafasi mbele na nafasi nyuma. Niliwahi kumuuliza. Alinijibu, "Alama nayo inaomba kupumua. Ukiibana sana inakufa."

Jumanne ya kilio cha muzee Marcellin mvua ilikuwa inanyesha na ofisini kulikuwa na familia tano zinasubiri. Mtoto mkubwa wa muzee Marcellin, Papa Grégoire, alikaa mbele ya meza akawa anasema kwa mdomo na Papa Télesphore anapiga chapa. Mimi nilikuwa pale pale, nimesimama karibu na dirisha. Alitaja marehemu, miaka, mahali pa kilio, saa ya misa, akataja ndugu zake mmoja mmoja, watoto tisa pamoja na yeye, na mwisho akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa andika Fabiola. Umuweke wa mwisho kabisa, juu jina ya mwisho njo inabakia mu masikio."

Maman Fabiola hakuzaliwa katika nyumba ile. Aliletwa kutoka Minova akiwa na miaka saba, peke yake, na muzee Marcellin na mkewe wakamlea pamoja na watoto wao, na miaka sita ya mwisho, muzee alipopooza upande mmoja, watoto wengine wakiwa kila mtu na nyumba yake, ni yeye aliyekuwa anamgeuza kitandani, anamlisha, anamnyoa ndevu siku ya Jumamosi ili Jumapili awe safi. Mtaa mzima unalijua hilo. Papa Télesphore akaandika, nami nikaona kwa macho yangu: na binti yake Fabiola wa Minova, aliyemuuguza hadi mwisho.

Halafu Padri Parfait akamwita Papa Télesphore sakristia kwa jambo la funguo, naye akaniambia, "Baki na hii kazi, wewe njo unajua mashine," akatoka.

Hapa ndipo penye dhambi yangu. Mademoiselle alituagiza kuhesabu tu. Mimi, wiki moja kabla, nilikuwa nimeongeza mistari miwili kwa akili yangu mwenyewe, kwamba maneno yakizidi themanini, programu ibakize themanini ya kwanza, iyatupe yanayobaki, na ihifadhi. Nilifikiri itatuokolea muda. Sikumwambia mtu, nilitaka iwe zawadi. Siku hiyo nilipitisha komunike tano moja baada ya nyingine, nikazichapisha bila kuzisoma kwa sababu watu walikuwa wamesimama na nguo zimelowa, nikazipeleka redioni mwenyewe nikikimbia chini ya mwavuli, na nilijiona mtu wa maana sana.

Kesho yake saa sita redio ikasoma. Mama yangu alikuwa kwenye kilio, jikoni, pamoja na wanawake wengine waliokuwa wanapika, na Maman Fabiola alikuwa anasonga bugali kwenye sufuria kubwa, simu yenye redio imewekwa dirishani. Mama anasema walinyamaza wote kusikiliza. Yalisomwa majina tisa, kisha msomaji akaenda kwa marehemu mwingine. Maman Fabiola aliendelea kusonga mpaka bugali ikaiva, akaipakua, akaosha mwiko, ndipo akasema, "Redio imetaja watoto kenda. Miye nilizani tuko kumi."

Kwenye mazishi alikaa nyuma pamoja na majirani, na kesho yake asubuhi akapanda boti ya Minova na mfuko mmoja. Simu ya Papa Grégoire hapokei.

Na sasa maneno yamejaa. Wapo wanaosema Papa Grégoire ndiye aliyeamuru jina litolewe, kwamba baba akishakufa yule wa kulelewa hana sehemu, na ndugu zake wawili hawasemi naye. Yeye alikuja ofisini akiwa na hasira kama mtu aliyechomwa, akamuuliza Papa Télesphore mbele yangu, "Papa, unafuta jina ya dada yangu juu ya nini? Nani alikutuma?" Papa Télesphore akafungua kompyuta ili amwonyeshe, akatafuta, akakuta komunike inaishia kabla ya jina, kwa sababu programu yangu ilikuwa imehifadhi ile iliyokatwa juu ya ile yake. Akaitazama sana. Kisha akasema polepole, "Pengine ni miye. Vidole vyangu vimezeeka, pengine nilisikia jina nikaacha kuliandika. Unisamehe, mwanangu."

Nilikuwa nimesimama pale, Maman, mkono wangu una karanga zake, na sikufungua mdomo.

Jioni ile nilichukua clé yangu ya USB, ambayo ina nakala ya kwanza, maana ninahifadhi kila kitu kwenye clé kabla ya kukipitisha, nikaipa fonction yangu ile komunike ikajibu tisini na moja. Nikahesabu kwa kalamu, nikapata sabini na nne. Nikahesabu tena. Sabini na nne. Ndipo nikaiambia programu inionyeshe vipande vyake vyote, kila kimoja kwenye mstari wake, na nikaziona koma zimekaa kila moja kwenye mstari peke yake, na nukta, na nukta mbili, alama kumi na saba kwa jumla, zote zimehesabiwa kama maneno. Vipande kumi na kimoja vya mwisho vilikuwa vimetupwa, maneno tisa, koma moja, nukta moja. Komunike nzima ilikuwa inaingia ndani ya themanini na nafasi inabaki. Hakukuwa na sababu ya kukata hata neno moja.

Nilimuuliza Mademoiselle Chancelle, bila kumwambia kilichotokea, inawezekanaje fonction iwe sahihi kwangu na iwe na kosa kwa mtu mwingine. Aliniuliza niliijaribu kwa maandishi ya nani. Nikasema yangu. Akacheka kidogo, akasema, "Basi ulijitazama tu kwenye kioo."

Kinachonitesa kuliko vyote ni kwamba Papa Télesphore hakuwahi kukata komunike peke yake. Yakizidi, alikuwa anaita familia wanakaa pamoja naye, na anaanzia juu, anatoa "kwa masikitiko makubwa", anatoa "mpendwa wetu", na wakilalamika anawaambia, "Huzuni kila mutu iko nayo mu roho, redio haitaongeza. Lakini jina kama haikusomwa, ni kama haiko." Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi, na bado nikaandika programu inayokata kutoka mwisho, mahali ambapo sisi tunaweka watu.

Jumapili ijayo baada ya misa ya pili kamati ya parokia itakaa. Mama amesikia kwamba watamshukuru Papa Télesphore kwa kazi yake ya miaka yote na kumwomba apumzike, na komunike zitapewa vijana wanaojua kompyuta, na Padri Parfait alinisimamisha mlangoni akaniambia kijana wa kwanza anayemfikiria ni mimi. Akaongeza kwamba ataniandikia barua ya kunipendekeza kwa mafunzo ya programu ya likizo kubwa, pale chuo kikuu, ambayo yanachukua wasichana ishirini tu kutoka mji mzima. Nimeyaota mafunzo hayo tangu mwaka jana. Nikisema ukweli, nani atampendekeza msichana ambaye programu yake ilivunja familia kwenye kilio? Baba atasema, "Nilijua, kompyuta si za watoto," na wale wasichana wengine kumi na watatu, je, klabu yao haitafungwa kwa sababu yangu? Nikinyamaza, Papa Télesphore ataondoka akiamini kwamba ni vidole vyake.

Nimeshaitengeneza fonction. Sasa inahesabu kipande tu kikiwa na herufi au tarakimu ndani yake, na komunike ile inatoa sabini na nne. Nilifikiri nikiitengeneza nitalala vizuri. Sijalala vizuri.

Naomba uniambie nianzie wapi. Na kama utaandika barua hii kwenye gazeti, ubadilishe majina, tafadhali, si kwa ajili yangu tu.

Wako anayekuheshimu,
Mwanafunzi wa Nguba

*

Mwanangu,

Majina nimeyabadilisha yote. Lakini huu mji si mkubwa, na kilio ni kilio, kwa hiyo usijidanganye. Gazeti linatoka Alhamisi na kamati inakaa Jumapili. Ukisoma haya kabla ya kwenda shule, basi jioni ya leo hii uwe umefika kwa Papa Télesphore, kabla jirani hajamfikia na gazeti mkononi.

Nianze na kukugombeza, kwa maana najua ndicho unachokingoja. Kukata jina hukukata kwa makusudi. Ulikuwa na haraka, ulikuwa na majivuno kidogo, watu walikuwa wamelowa, na mimi mwenyewe katika umri wako nilipika sufuria nzima ya sombe bila chumvi siku ya ubatizo wa mdogo wangu kwa sababu nilitaka kumwonyesha shangazi kwamba sihitaji kuelekezwa. Hilo linasameheka, na nadhani limeshasamehewa na wengi ambao hawajalijua bado. Lakini kunyamaza siku kumi na moja huku muzee anajilaumu vidole, hilo ni makusudi. Ulisimama na karanga zake mkononi. Wewe mwenyewe umeiandika hivyo, sikuiongeza mimi, na nimefurahi kwamba uliiandika, maana mtu ambaye karanga zile hazimchomi nisingejisumbua kumjibu.

Tena umeniandikia mimi. Kati ya watu wote wanaohusika na jambo hili, umechagua yule asiyekujua sura. Nakuelewa. Sasa umekwisha kujizoeza, nenda kwa wenyewe.

Sijui programu. Nilimsomea barua yako mpwa wangu anayezijua akasema fonction yako ya sasa iko sawa. Mimi nimeielewa kwa njia yangu. Kwenye kilio ukitaka kujua watu wangapi watakula, usihesabu viti vilivyojaa, maana vingine vimekaliwa na mikoba. Wewe ulihesabu viti. Halafu, na hapa ndipo nilipotaka kukuvuta sikio, ukaona watu wamezidi ukawafukuza walioketi nyuma bila kugeuka kuwatazama nyuso. Kosa la kwanza umelitengeneza. La pili hukuniambia kama umelitengeneza. Ile mistari miwili ya kukata, itoe leo. Mwalimu wako aliagiza namba, na namba inatosha. Mashine iseme maneno ni themanini na tano, kisha muzee aite familia, wakae, watoe huzuni, waache majina. Kazi hiyo ilikuwa inafanywa vizuri kabla hujazaliwa na haikuhitaji zawadi.

Na usimwambie Papa Télesphore abadilishe namna yake ya kupiga chapa. Nimekuona mahali fulani katika barua ukikaribia kumlaumu kwa koma zake, kisha ukaacha. Umefanya vizuri kuacha. Programu ndiyo imfuate yeye. Anayekaribishwa nyumbani kwa mtu hapangi viti upya.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa muzee peke yako, bila mama, na ile karatasi yenye vipande mstari kwa mstari, ambayo nadhani unayo, na kama huna ichapishe. Usianze kwa kulia, maana ukilia atakubembeleza na hutaweza kusema. Mwekee karatasi mezani, mwonyeshe jina kwenye nakala ya kwanza, mwambie, "Papa, uliliandika. Ni mimi niliyelikata." Sentensi hizo mbili zitangulie, mengine yafuate. Mtu aliyehesabu maneno ya wengine maisha yake yote atajua kwamba hizo zinatosha.

Kisha, na yeye akiwa pamoja nawe, na mama yako akiwepo kwa sababu wewe bado mtoto wa mtu, mwende kwa Papa Grégoire. Atapaza sauti. Mwache apaze. Amekaa karibu wiki mbili akiitwa mwizi wa jina la dada yake, na aliyekuwa anajua ukweli alikuwa anapita mbele ya nyumba yake akienda shule. Akimaliza, mwombe namba ya Maman Fabiola, na mpige kwa simu ya muzee Télesphore, maana ya Grégoire hapokei. Usimtumie ujumbe. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote, sauti yako inayotetemeka haiwezi. Mwambie jambo ambalo wewe peke yako unaweza kulishuhudia: kwamba ulikuwa dirishani, kwamba kaka yake alinyamaza kidogo kabla ya jina lake, na kwamba alisema liwe la mwisho ili libaki masikioni. Hesabu ya koma mweleze baadaye, akikuuliza. Yeye hakuondoka kwa sababu ya koma. Hawezi kurudi kwa sababu ya koma.

Halafu Padri. Nenda kabla ya Jumapili, umwombe mambo mawili tu. Komunike isomwe tena, nzima, pamoja na neno moja la kueleza kwamba kosa halikuwa la familia wala la katibu. Na kamati isimpumzishe mtu kwa kosa ambalo hakulifanya. Kama wanataka muzee apumzike, wamwombe siku nyingine, kwa sababu nyingine, naye akiwa na kichwa juu. Ukimaliza hayo, usimwombe barua ya mafunzo. Akiitaja yeye mwenyewe, mwambie aandike ndani yake kisa hiki chote bila kuficha. Sikuahidi kwamba watakuchukua. Nakuambia tu kwamba kama ningekuwa nachagua wasichana ishirini wa kufundisha mashine zinazohesabu watu, ningemtafuta kwanza yule aliyerudi kuhesabu kwa kalamu, akahesabu tena, kisha akaenda kusema alichokipata. Wanaojua kuandika mistari mitatu wapo wengi.

Baba yako akisema kompyuta si za watoto, mpe barua yako aisome. Mpaka mwisho.

Na kuhusu sheria yetu ya maneno mia tatu. Nimeihesabu barua yako kwa upande butu wa kalamu, kwa heshima ya muzee wako. Nilipofika elfu moja nikaacha. Mhariri aliniambia nikate, na kwa kawaida ninakata. Lakini nilipoweka alama kwenye neno la mia tatu nikaona ningebaki na msichana, mwalimu, muzee na kalamu yake, kisa kizuri cha shule. Maman Fabiola alikuwa bado yuko chini kabisa, hajaingia. Kwa hiyo wiki hii ukurasa wote ni wako, na wengine walioniandikia watanisamehe.

Siku komunike itakaposomwa tena, mwombe msomaji asiharakishe mwishoni. Mimi nitakuwa jikoni kwangu, moto nimeupunguza, nahesabu majina pamoja na redio. Nikifika tisa sitasogea.

Maman Marie-Louise